Uzi wa Damu ya Mzee

"Huyu si baba yangu," Bi Ghaniya alisema kwa mara ya nne asubuhi ile, na kwa mara ya nne mwanawe Hilali akamjibu kwamba daktari alisema macho yatachukua wiki mbili kuzoea mwanga.

Agneta Mideva alisimama katikati yao na kioo cha kukuzia mkononi, akijifanya hasikii. Miaka kumi na mmoja ya upelelezi Kakamega ilikuwa imemfundisha kwamba watu wa nyumba moja wakibishana mbele ya mgeni, kila mmoja anamtafuta hakimu, na hakimu wa namna hiyo huishia kulaumiwa na wote wawili. Sasa alikuwa Dubai, mwaka wa tatu, mpelelezi wa madai katika kampuni ya bima. Kazi yake haikuwa kujua nani mwongo. Ilikuwa kujua picha ile ya rangi za mafuta imepita mikononi mwa nani na nani, tangu mchoraji alipoagizwa kuichora hadi leo, Alhamisi ya Novemba 2007, ikiwa ukutani katika sebule hii ya Mirdif.

Historia ya umiliki, ndivyo ofisi ilivyoiita. Agneta aliiita ukoo. Picha ni kama ng'ombe wa mahari, alipenda kusema. Ukitaka kujua kama ni ya wizi, usiikodolee macho yenyewe, uliza imetoka zizi gani.

Na ukoo wa hii ulikuwa safi kwenye karatasi. Mwaka 1957, Sheikh Sleyum bin Hemed, tajiri wa karafuu wa Unguja, alimwagiza mama mmoja wa Kizungu amchore. Mwaka 1964 mkewe aliikunja ndani ya mkeka akaivusha hadi Mombasa, ikakaa Kibokoni miaka saba. Mwaka 1971 ikaja Dubai, ikatiwa fremu Deira. Mzee alipofariki, watoto wake wakakubaliana kwa maandishi iwe ya Bi Ghaniya, binti mkubwa. Februari 2006 ikakatiwa bima, kwa sababu kaka zake walioko Maskati walishikilia. Kisha mstari wa mwisho, ule ambao Hilali alikuwa ameupigia mstari kwa wino mwekundu: Mei 2007, picha ilitoka nyumbani siku tatu kubadilishwa fremu Satwa, ikasindikizwa na mtumishi wa ndani.

Mtumishi huyo, Mastula, Mganda wa miaka ishirini na minne, alikuwa amesimama mlangoni na sinia lenye chupa ya dawa ya macho. Bi Ghaniya alikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka mitano. Alifanyiwa upasuaji Oktoba, akafunguliwa bendeji, akaketi mbele ya picha ya babake kumsalimu, akapiga ukelele uliomtoa Mastula jikoni mbio. Ndivyo madai yalivyoanza.

"Mwanangu, njoo hapa," Bi Ghaniya akamwambia Agneta. "Wewe macho yako mazima. Tazama kifua."

Agneta akakisogeza kioo. Juu ya kanzu nyeupe, kuanzia shingoni mpaka karibu na tumbo, ulishuka mshono mwembamba wenye rangi ya damu ya mzee, umechorwa kwa subira, tundu kwa tundu.

"Baba yangu alivaa kanzu ya kishada," bibi akasema. "Hapa, shingoni. Akikichovya kwenye marashi ya attar kila Ijumaa, mie ndiye n'kimshikia kichupa. Uzi huo mwekundu kavikwa na nani?"

Agneta aliujua mshono ule. Aliwahi kwenda harusi ya binamu yake ng'ambo ya mpaka, Jinja, ambako wanaume wote, kuanzia bwana harusi hadi mpiga ngoma, walivaa kanzu zenye mshono huo huo kifuani. Akafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo alioupoteza, na kwa furaha ile akasema bila kufikiri.

"Huu ni mshono wa Uganda. Aliyechora hii ni Mganda."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Hawakusema kwamba mara nyingine huponza kichwa cha mwenzio.

Hilali aligeuka polepole akautazama mlango. Chupa ya dawa ilianza kugongagonga kwenye sinia.

"Mganda," akasema. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa sauti, saa kubwa mkononi. "Na nani alikwenda Satwa na picha? Na nani katika nyumba hii ni Mganda? Khalas. Mama, mwizi wako huyo."

"Sir, mimi hapana..."

"Simu yako."

Mastula akaitoa mfukoni mwa aproni. Hilali akaizima, akaitia mfukoni mwake.

"Nikishaswali alasiri nampeleka kituoni mwenyewe," akamwambia Agneta. "Pasi yake ninayo. Wewe andika ripoti yako, inshallah leo leo. Umefanya kazi nzuri."

Agneta hakukumbuka sifa iliyowahi kumchoma vile.

Aliomba dakika kumi na mtumishi, kwa sababu utaratibu unataka kila aliyeshika picha aandikwe maelezo. Hilali hakuweza kukataa mbele ya mamake. Wakaketi chumba cha kufulia nguo, Agneta juu ya kiti cha plastiki, Mastula juu ya kapu lililopinduliwa.

"Ulifika nchi hii lini?"

"Mwezi wa tatu, mwaka huu. Tarehe kumi na nne. Stampu iko kwa pasipoti."

"Siku ya Satwa?"

"Dereva aliacha mimi kwa duka. Nilikaa mpaka magharibi. Fundi alitoa mbao, akaweka mbao. Picha haikutoka kwa macho yangu."

"Siku ya pili? Ya tatu?"

Mastula akashika ncha ya aproni. "Gundi ilikuwa inakauka. Nilirudi nyumbani."

Siku mbili, basi, picha ilikaa dukani bila jicho la mtu wa nyumbani. Hakimu yeyote angezikumbatia siku hizo. Agneta akaandika, kwa sababu kweli huandikwa hata ikiwa mbaya.

"Waganda wa Dubai wakitaka kuchorwa, wanakwenda kwa nani?"

"Nikisema jina, madam, watasema tulikuwa wawili."

"Usiposema, watasema ulikuwa peke yako."

Mashine ya kufulia ilimaliza mzunguko ikatulia, na nyumba nzima ikawa kimya kiasi kwamba wote wawili walitazama mlango.

"Siraje," Mastula akanong'ona. "Wa Sonapur, block ya kampuni ya mabango. Anachora mtu kwa picha ya pasipoti. Mimi sijawahi kumuona. Ni Lillian, rafiki yangu, alichorwa na yeye." Kisha akauliza, akitazama sakafu, "Jela ya hapa, wanakuachia upige simu nyumbani? Mtoto wangu ana miaka minne. Tukikosa kuongea Ijumaa anakataa kula."

Agneta alifunga daftari. Alitaka kumwambia asiogope, lakini yeye mwenyewe alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya kumdanganya.

*

Simu ya Herbert ilimkuta kwenye mzunguko wa Muhaisnah, mtaa wenye kambi ya Sonapur. Herbert alikuwa meneja wake, Mkenya wa Nyeri, mtu aliyeamini kwamba faili likifungwa ni zuri hata kama limefungwa na nyoka ndani.

"Agneta, client amenipigia. Anasema mwizi amepatikana. Sasa uko barabarani unaenda wapi?"

"Kuna kiungo kimoja kimebaki, boss."

"Hakuna kiungo. Andika report, tuma, yalla. Huyo mtu ana policies saba na sisi. Ukimuudhi, Jumapili usikuje. Na unajua visa yako iko chini ya nani."

Alijua. Aliikumbuka siku ya kwanza, alipoona kampuni ikifungia pasi yake kwenye kabati la chuma. Akasema "sawa boss," akakata simu, akaendelea mbele.

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa tupu saa ile, mabasi yalikuwa yamekwisha kuwachukua watu tangu alfajiri. Waliobaki ni wa zamu ya usiku, wamelala, viatu vyao nje ya milango. Siraje alikuwa kwenye chumba cha vitanda vinane, kitanda cha chini, shuka limefungwa kama pazia. Alipoamka na kumwona mwanamke mwenye daftari, alivuta fulana yake kwanza, kisha akauliza.

"Wewe ni polisi?"

"Nilikuwa. Sasa ni bima."

"Afadhali polisi," Siraje akasema, akaketi.

Chini ya kitanda kulikuwa na turubai tatu za kuchorea zimeegemezwa ukutani. Ya mbele ilikuwa ya bwana harusi, uso haujakamilika, lakini kanzu ilikuwa tayari, na kifuani mwake ulishuka mshono wa damu ya mzee. Agneta alitoa kamera, akamwonyesha Siraje picha aliyopiga asubuhi kule Mirdif.

Siraje aliitazama na kwa sekunde moja akatabasamu, tabasamu la mzazi aliyekutana na mwanawe njiani. Halafu tabasamu likaondoka, na uso wake ukawa wa kijivu.

"Umepata wapi hii?"

"Wewe ndiye ulichora."

"Ni nakala tu. Nilichora kwa ruhusa. Sikuiba kitu, nyabo."

"Ruhusa ya nani?"

Akatazama mlango kabla ya kujibu. "Sir."

"Sir yupi?"

"Sir Hilali. Si ndiye arbab, tajiri wetu? Kampuni ya mabango ni yake. Ndiye kafeel wangu, mdhamini wa visa."

Agneta aliketi kwenye kitanda cha jirani bila kukaribishwa. Asubuhi nzima alikuwa akimpa taarifa mwizi, hatua kwa hatua, akimwita sir.

"Niambie yote. Taratibu."

"Aliniita ofisini. Akasema nichore mzee huyu, ni zawadi ya kaka yake. Picha yenyewe hakunipa. Alinipa picha ya kamera, alikuwa amepiga na flashi. Mwanga ulikula kifua chote, kilikuwa cheupe tu." Akainua mabega. "Nikajaza vile ninajua. Kanzu bila omulera, huo mshono mwekundu, ni shuka. Baba yangu alizikwa na ile yake juu ya jeneza."

"Sir hakuona tofauti?"

"Alitazama uso, akasema tamam. Huyo hajui nguo za wazee."

"Ilikuwa lini?"

"Ramadhani. Ile ya elfu mbili na tano. Nilikuwa nimefunga na harufu ya tapentaini, nikatapika siku mbili. Siwezi kusahau."

Agneta alihesabu kwa vidole chini ya daftari. Ramadhani ya 2005 ilikuwa Oktoba. Mastula aliteremka kwenye ndege Machi 2007. Nakala ilichorwa mwaka mmoja na nusu kabla msichana hajaiona nchi hii.

"Niandikie maneno hayo. Utie saini. Basi."

"Hapana."

"Msichana atafungwa, Siraje. Leo, baada ya alasiri."

"Nasikia. Ninamhurumia, na ni wa kwetu." Alikuwa akikunja shuka lake, akilikunjua, akilikunja tena. "Pasi yangu iko kwa droo ya huyo mtu. Nikiandika leo, kesho niko Entebbe, na ban juu, nisirudi tena. Watoto wanne wako shuleni kwa mkono huu. Wewe ukitoka hapa una kampuni. Mimi nikitoka hapa nina yeye. Sitaandika. Nisamehe."

Agneta alitaka kukasirika. Akakumbuka alivyosema "sawa boss" nusu saa iliyopita, hasira ikamwisha. Alimwachia namba yake, akaingiza ya Siraje kwenye simu.

Nje, msimamizi wa kambi alikuwa amesimama nyuma ya gari lake, anaandika namba ya gari kwenye kiganja.

*

Alipokuwa Emirates Road, malori yakimpita pande zote, Agneta alijiuliza swali moja tu: ni kitu gani kinaweza kusema alichosema Siraje bila mdomo wa Siraje?

Faili lilikuwa kando yake kwenye kiti. Ndani kulikuwa na fotokopi ya picha iliyopigwa siku ya kukata bima, Februari 2006. Alikuwa ameitazama mara kumi. Fotokopi haina rangi, na kifua cha mzee ndani yake kilikuwa doa la kijivu. Lakini fotokopi hutokana na kitu. Kanuni ya ofisi ilitaka picha ya rangi ya kila kitu kinachokatiwa bima, na picha za 2006 zilikuwa zimehamishiwa kwenye ghala la mafaili, Dubai Investments Park.

Kama ule mshono ulikuwapo Februari 2006, basi kilichokatiwa bima kilikuwa nakala tangu siku ya kwanza. Hakuna kilichoibwa Satwa. Hakuna kilichoibwa na mtu aliyekuja 2007. Na kama haukuwapo, Siraje ni mwongo na yeye Agneta amekwisha. Alikanyaga mafuta.

Mlinzi wa ghala alikuwa Linus, Mkamba mwembamba ambaye angeweza kulinda ghala tupu kwa miaka kumi na kukuambia kila nzi aliyeingia. Mbele yake, juu ya meza, lilikuwa daftari la OB, la kuandikia matukio, lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula. Kamera zilikuwa nne kwenye dari, lakini Linus hakuziamini. Alifundishwa ulinzi Nairobi, na Nairobi kitu kisichoandikwa kwenye OB hakikutokea.

"Sista, bila barua ya manager sikufungulii."

"Manager ni Herbert. Ukimpigia atakataa."

"Basi si umejijibu?"

"Linus, kadi yangu inaniruhusu kuingia kusoma. Soma mwenyewe hapo nyuma."

Alisoma. Akaisoma tena kwa kidole. "Kusoma, ndio. Kutoa kitu, hapana. Labda kiandikwe."

"Kiandike. Andika kila kitu. Nataka uandike."

Hapo Linus alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, maana watu wengi humwomba asiandike.

Boksi lilikuwa rafu ya juu. Agneta alipanda ngazi, vumbi likimwingia puani, akafungua bahasha ya kaki. Picha mbili zikateleza nje. Sebule ya Mirdif. Ukuta. Sheikh Sleyum bin Hemed, ametulia, na kutoka shingoni mwake hadi karibu na tumbo, wazi kama njia kwenye nyasi, mshono wa damu ya mzee. Pembeni kamera ilikuwa imejiandikia tarehe: 12.02.2006. Nyuma, saini ya mkaguzi na ya mtu wa nyumbani. Hilali alikuwa ametia saini kwa mwandiko mzuri.

Agneta alikaa juu ya ngazi akapumua kwa mdomo. Alikuwa na furaha na hofu kwa kipimo kimoja, maana sasa alikuwa ameshika kitu ambacho mtu angependa asikishike.

Linus aliandika polepole: kipande kimoja, picha ya rangi, kutoka boksi namba fulani, kimechukuliwa na Agneta Mideva, saa saba na dakika arobaini, ingizo la kumi na nne. Wakatia saini wote wawili. Kisha akamkatia nakala ya chini, ile ya karatasi nyembamba ya kaboni.

"Sista," akasema akifungua geti, "huyo Herbert akiniuliza?"

"Mwonyeshe OB."

"Hiyo ndiyo ninapenda kusikia."

*

Saa tisa na robo gari la Hilali lilikuwa limewashwa nje ya nyumba. Ndani, Mastula alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango, mfuko wa nguo mapajani. Hilali alikuwa anafunga vifungo vya mikono ya shati.

"Ripoti?" akauliza.

Agneta alimpita. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumpita mtu wa namna ile bila kusema samahani, na alisikia mgongo wake wote ukingoja kitu. Mwenye bima alikuwa Bi Ghaniya, basi alikwenda kwa Bi Ghaniya, akapiga goti kando ya kiti chake, akaweka picha mkononi mwake.

"Bibi, hii ilipigwa siku mlipokata bima. Tarehe iko pembeni."

Bibi aliileta karibu, akaipeleka mbali, akaileta tena dirishani kwenye mwanga. Kidole chake kilishuka juu ya mshono.

"Rangi za picha hubadilika," Hilali akasema.

"Zinabadilika, sir. Lakini hazishoni."

"Umeitengeneza leo dukani Karama."

"Imetoka ghalani saa saba na dakika arobaini. Imeandikwa, mlinzi ametia saini. Na nyuma yake kuna saini yako." Akainuka akamtazama. "Nakala ilikuwa ukutani hapa Februari 2006. Mastula alifika Machi 2007."

Bi Ghaniya aliilaza picha mapajani, akaifunika kwa kiganja.

"Februari ile," akasema, "mie n'kiona kivuli tu. Wewe, Hilali, ndiye ulokuwa ukinishika mkono kila Ijumaa. Ukinambia, mama, babako yuko hapa, mguse. Nikaigusa fremu, nikamwamkia." Akamgeukia. "Ulikuwa ukinitazama nikimwamkia nani?"

"Mama, mambo haya..."

"Baba yangu yuko wapi?"

Hilali alitazama saa yake.

"Haya," bibi akasema. "Mpe mtoto wa watu pasi yake."

"Akitoka mlango huu naandika katoroka. Mie ndiye kafeel wake."

"Hajatoroka, nimemtuma," bibi akasema. "Dawa yangu ya macho inakwisha. Anakwenda duka la dawa na mwanangu huyu, na atarudi n'kimwita, si wewe ukimwita. Mpe pasi."

Ilichukua muda. Lakini nyumba ile ilikuwa ya Bi Ghaniya, na kaka zake Maskati walikuwa na simu. Hilali akaenda ofisini kwake, akarudi, akaiacha pasi juu ya meza ndogo badala ya kumkabidhi Mastula mkononi.

Aliwasindikiza hadi getini, kama mwenyeji mwema. Aliinama kwenye dirisha la gari.

"Picha moja bila shahidi ni karatasi tu, Bi Agneta. Nitamfungulia huyu msichana kesi Jumapili, na wakili wangu ataipasua hiyo karatasi mbele yako." Aliongea taratibu, kwa ule upole wake. "Kama ulikuwa unamtegemea yule mchoraji wa Muhaisnah, usihangaike. Nimefuta visa yake mchana. Yuko uwanja wa ndege na dereva wangu. Saa moja usiku anaruka, na ban juu. Hatarudi kukusemea."

Akagonga paa la gari mara mbili, kuwaruhusu waondoke.

Agneta aliendesha hadi pembeni ya barabara ya pili akasimama. Mastula alikuwa ameibana pasi kifuani kwa viganja viwili, analia bila sauti.

"Ni Siraje, dada? Ni sababu yangu?"

"Ni sababu yangu. Mimi ndiye nilisema Mganda." Alisema hivyo, na ilimuuma kama ilivyostahili. Baba wa watoto wanne alikuwa anarudishwa nyumbani kwa neno moja alilolisema kwa majivuno mbele ya picha. Akakiinamia kiganja chake, na akiwa ameinama hivyo, akasikia tena kichwani maneno ya mtu yule kitandani. Pasi yangu iko kwa droo ya huyo mtu.

Haikuwa kwenye droo tena.

Aliinua kichwa. Siraje alikataa kuandika kwa sababu moja tu, na Hilali, kwa haraka yake, alikuwa ameiondoa sababu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Amemfukuza, amempa pasi, amempiga ban. Hakuna kilichobaki cha kumnyang'anya. Mtu aliyekwisha kufukuzwa hana kafeel wa kumwogopa. Saa ilikuwa kumi kasorobo, na kutoka Mirdif uwanja wa ndege ni dakika kumi na tano kama Mungu ataifungua barabara.

Akawasha gari, akamtupia Mastula simu.

"Namba ya mwisho hapo. Mwambie asipite ukaguzi wa pasipoti kabla hatujafika. Mwambie kwa Kiganda, dereva asielewe."

Simu iliita mara tatu. Mara ya nne ikapokewa, na Mastula akaanza kumwaga maneno. Hakufika mbali. Alisikiliza, kisha akamgeukia Agneta, macho yake yamejaa maji bado.

"Anasema alikuwa anakungoja upige," akasema. "Anauliza unakuja na karatasi, au anunue."